Bima ya afya Marekani: Siku 60 ambazo mhamiaji hafai kuzipoteza

Na MWANDISHI WETU

MKENYA anayehamia Marekani huwa na mengi ya kuhangaikia katika wiki zake za kwanza: nambari ya hifadhi ya jamii, leseni ya udereva, kazi, na pahali pa kulala pasipokuwa kochi la binamu yake. Bima ya afya aghalabu huja mwisho, naye hudhani kwamba ataitafuta siku atakapoihitaji. Dhana hiyo hutokana na mazoea ya nyumbani, na huenda ikamgharimu pakubwa.

Humu nchini, mtu anaweza kujisajili siku yoyote ya mwaka kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Marekani mambo ni tofauti. Anayejinunulia bima katika soko la serikali, lililobuniwa chini ya sheria aliyoitia sahihi Rais Barack Obama mnamo Machi 23, 2010, sharti afanye hivyo dirisha la usajili likiwa wazi. Kwa bima ya mwaka wa 2026, dirisha hilo lilifunguliwa Novemba 1, 2025 na kufungwa Januari 15, 2026 katika majimbo yanayotumia mtandao wa HealthCare.gov. Kwa bima ya 2027, kanuni mpya zinalifupisha hadi Desemba 15. Majimbo kama vile California na New York yana masoko yao yenyewe.

Mbona kuwe na dirisha? Kabla ya 2014, kampuni za bima za Marekani ziliweza kumkataa mtu mwenye kisukari au saratani. Sheria hiyo ilikomesha ubaguzi huo. Hata hivyo, iwapo kampuni haina ruhusa ya kumkataa mgonjwa, na kila mtu yuko huru kujiunga apendapo, basi wengi watangoja hadi waugue ndipo waanze kulipa. Watakaobaki wakichanga ni wagonjwa watupu, na ada zitapanda hadi zisilipike. Wanachama wa vyama vya kusaidiana wakati wa matanga wanaielewa hoja hii vyema: hakuna chama kinachompokea mtu siku ya msiba na kumlipia jeneza jioni hiyo hiyo.

Kwa hivyo, dirisha likishafungwa, kuugua hakulifungui. Kinacholifungua ni badiliko la maisha linalotambuliwa na sheria. Kuoa au kuolewa, kupata mtoto au kumlea wa kupanga, kupoteza bima ya kazini, kufikisha umri wa miaka 26 na kuondolewa katika bima ya mzazi, na kuhama makao, yote hayo humpa mtu kipindi maalumu cha kujiandikisha, ambacho kwa kawaida ni siku 60 tangu tukio lenyewe. Anayejua kwamba bima yake itakatika anaweza hata kuanza kutafuta nyingine siku 60 mapema. Lakini aliyeacha kulipa ada, au aliyejiondoa kwa hiari, hapewi nafasi hiyo.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba kuwasili kwao ni tukio la aina hiyo. Anayehama kutoka jimbo moja hadi jingine hutakiwa kuthibitisha kuwa alikuwa na bima angalau siku moja katika siku 60 zilizotangulia. Anayetoka ng'ambo hadaiwi sharti hilo, mradi awe anaishi nchini humo kihalali.

Tuseme mtu ametua Dallas Machi 1, akiwa na kibali cha ukazi wa kudumu, maarufu kama Green Card. Akichagua bima Aprili 20, itaanza kufanya kazi Mei 1. Akizubaa hadi Aprili 30 ipite, na asipate kazi yenye bima wala tukio jingine, atangoja Novemba ajiandikishe, na bima yenyewe itaanza Januari 1. Hiyo ni miezi minane zaidi ya kuomba Mungu asivunjike mguu.

Mzazi aliyekwenda kwa viza ya matembezi kumsaidia bintiye kulea mjukuu hahesabiwi kuwa amehama. Yeye anahitaji bima ya safari, na ni heri inunuliwe kabla hajapanda ndege.

Walioajiriwa nao wana saa yao, tena fupi zaidi. Mtoto akizaliwa, mpango wa bima wa mwajiri unaweza kumpa mzazi siku 30 tu za kumwandikisha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa wamesikia habari za siku 60 na kudhani zinahusu kila bima. Anayefanya hivyo kwa wakati, mwanawe huhesabiwa kuwa na bima tangu siku ya kuzaliwa.

Medicaid, mpango wa serikali kwa wenye mapato ya chini, hauna dirisha. Tatizo ni kwamba katika majimbo mengi mtu mzima mwenye Green Card hungoja miaka mitano kabla ya kuruhusiwa. Njia nyingine, iliyowawezesha watu wa mapato ya chini kujiunga na soko mwezi wowote, ilifungwa katika HealthCare.gov Agosti 2025.

Katika pengo hilo ndipo hujitokeza wauzaji wa simu wenye bima za muda mfupi. Hizo huuzwa mwaka mzima, kwa bei ya kuvutia, lakini zinaweza kukataa kulipia ugonjwa uliokuwapo kabla. Asiyesoma mkataba hugundua hayo akiwa kitandani.

Asiye na bima kabisa hatupwi barabarani. Sheria ya 1986 huilazimu idara ya dharura ya hospitali kumpima na kumtuliza mgonjwa bila kuuliza kwanza kuhusu pesa. Bili humfuata nyumbani baadaye. Hospitali zisizo za kibiashara nazo zina wajibu wa kisheria wa kuwa na utaratibu wa kuwapunguzia mzigo wasiojiweza, kwa hivyo fomu ya msaada huo iombwe kabla jamaa hawajaitisha harambee.