Dripu si Kipimo cha Mapenzi

Hivi jamani, ni lini dripu iligeuka kuwa kipimo cha mapenzi? Msikilize mwanaume anayesimulia ugonjwa wa mkewe: "Hali ilikuwa mbaya, wamemtundikia dripu tatu!" Hiyo "tatu" anaitamka kama mtu aliyemaliza mahari. Mgonjwa akirudishwa nyumbani na vidonge tu, ndugu wanaanza kuguna, mawifi ndio usiseme. Wanaona mume kabana hela.

Nina shoga yangu anafanya kazi ya mahesabu. Kila mwisho wa mwezi, kazi zikimkaba, anapitia zahanati moja mtaani, anatundikiwa chupa mbili, anatoka anasema mwili umefunguka. Mumewe analipa bila kuuliza. Ugonjwa wenyewe? Hauna jina.

Basi tuifungue hiyo chupa tuone. Ile ya maji ya chumvi, ya nusu lita, ina chumvi gramu 4.5. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate na mchuzi. Ile ya sukari, yaani dextrose ya asilimia 5, ina gramu 25 za sukari. Chupa ya kawaida ya soda ina zaidi ya hapo. Damu haimo, vitamini hazimo, labda wawe wameziongeza wenyewe. Mimi nadhani kinachomfungua shoga yangu mwili ni zile saa mbili za kulala mchana, simu ikiwa ndani ya pochi. Angeweza kuzipata kitandani kwake bila kutobolewa mshipa. Na tundu la sindano nalo ni mlango wa vijidudu. Kwa mwenye moyo au figo zenye matatizo, maji ya ziada yanaweza kuishia kwenye mapafu, akashindwa kupumua.

Mwili wenyewe ni fundi mkubwa wa maji. Mwanaume wa kilo 70 ana takribani lita 42 mwilini. Theluthi mbili ziko ndani ya seli, nyingine zinazizunguka, na sehemu ya majimaji ya damu kwenye mishipa ni kama lita 3 tu. Kilichonishangaza zaidi ni utumbo. Kila siku unapokea kama lita 8 hadi 9: mate, majimaji ya tumbo, nyongo, na tunavyokunywa. Karibu yote unayanyonya na kuyarudisha kwenye damu. Sasa fikiria kazi hiyo ikisimama kwa siku moja. Ndiyo maana kuhara kunamaliza mtu haraka hivyo, na mtoto anamalizika haraka zaidi.

Na hapa kuna habari ya wapendanao. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vijilango ambavyo sukari aina ya glukosi na chumvi hupita pamoja, mkono kwa mkono. Wakishapita hao wawili, maji yanawafuata. Hata kipindupindu kikiharibu njia nyingine, vijilango hivyo vinaendelea kufanya kazi. Ukimpa mgonjwa maji matupu hayafiki mbali. Mpe maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, yanaingia.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh. Wakimbizi walimiminika India, na kwenye kambi ya Bangaon kipindupindu kikawakuta. Dripu zikawa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji na kuwapa ndugu wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4 kwa waliohudumiwa hivyo. Waliofanya kazi kubwa pale walikuwa mama, mume, dada, na kikombe mkononi.

Nyumbani kwetu ilifika zamu yetu. Mtoto wetu, kilo 10, alihara na kutapika usiku kucha. Kulipokucha tukawa kliniki, baba watoto kashika funguo za gari kama silaha. Nesi akamfinya mtoto ngozi ya tumbo, akamtazama macho, akampa kikombe. Mtoto akakidaka kwa pupa.

"Sista, dripu je?" mume wangu akauliza.

"Baba, mdomo si upo?"

Akatupa ORS mililita 750 za kumpa ndani ya saa nne, kwa kijiko, hapo hapo kliniki. Akitapika, tusubiri dakika kumi kisha tuendelee polepole, na kunyonya kusisimame. Mume wangu, ambaye hajawahi kumaliza kikao bila kutazama saa, alikaa na kijiko hadi shati likalowa. Saa sita mchana mtoto akakojoa. Sijawahi kumwona mtu akifurahia nepi mbichi namna ile. Tukaondoka na vidonge vya zinki vya siku 14.

Nisieleweke vibaya. Kuna saa dripu ndiyo uhai wenyewe. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili. Mgonjwa wa kipindupindu aliyelegea hadi hawezi kumeza: huyo anahitaji mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, na kwa mtu mzima ziingie ndani ya saa tatu. Mwenye kilo 70, hizo ni lita saba. Hapo mtu usibishane, kimbia hospitali.

Lakini hata hospitali maji ni dawa, na dawa ina kipimo chake. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao FEAST, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Muheza hapa Tanzania, na hospitali nne za Uganda. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, wengine hawakupewa. Wenye kuhara hawakuhusishwa. Wengi walitegemea maji yangeokoa. Kumbe ndani ya saa 48 walifariki kama 10 au 11 katika kila 100 waliopewa, na kama 7 kati ya wasiopewa. Kwa hiyo daktari akisita kumtundikia mwanao, usimwone mchoyo. Muulize tu: "Daktari, amepungukiwa maji kiasi gani, na anaweza kunywa?"

Kwa nyumbani, weka paketi za ORS kwenye droo. Zikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi usizidishe hata kidogo. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiwa na damu kwenye choo, macho yakididimia au akilegea, safari ianze saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Na ORS ikishachanganywa inakaa saa 24 tu. Kilichobaki mwaga, changanya nyingine.