Pima Maji ya Kisima Kabla ya Kununua Chujio

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wanaotegemea visima vya nyumbani wanashauriwa kupima maji yao kabla ya kununua chujio la aina yoyote. Sababu ni kwamba hakuna chujio moja linaloondoa kila kitu. Chujio linalozuia vimelea vya kipindupindu laweza kuiacha floraidi yote ipite, na kifaa kinachoondoa harufu laweza kuacha chumvi ileile iliyokuwapo. Kaya inayonunua kwa kufuata tangazo au ushauri wa jirani hupoteza fedha, na hatari kubwa zaidi ni kwamba huendelea kunywa maji yenye madhara ikiamini kuwa yamekwisha kusafishwa.

Uhaba wa maji ya bomba katika baadhi ya maeneo umeifanya idadi kubwa ya kaya kuchimba visima vyake, vifupi vya mikono na virefu vya mashine. Maji hayo hutoka katika miamba na udongo unaotofautiana kutoka mkoa hadi mkoa, na mara nyingine kutoka kiwanja hadi kiwanja. Kwa hiyo chujio lililomfaa ndugu yako aliye Tanga si lazima likufae wewe uliye Singida.

Weupe wa maji si ushahidi wa usalama

Watu wengi huyapima maji kwa macho, pua na ulimi. Vipimo hivyo vina faida yake. Maji yanayotoka kisimani yakiwa meupe kisha yakageuka kuwa na rangi ya kutu, na kuacha madoa kwenye nguo na masinki, huwa na madini ya chuma. Sufuria inayojaa ukoko mweupe ni dalili ya maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Kero hizo huonekana, lakini kwa kawaida si ndizo zinazodhuru afya kuliko nyingine.

Vitu vya hatari zaidi havionekani wala havina ladha ya kumtahadharisha mtu. Vimelea vinavyotoka katika kinyesi huweza kuwamo katika maji meupe kabisa. Naitreti, inayotokana na vyoo vya shimo, samadi na mbolea, haina rangi wala harufu, nayo huwadhuru hasa watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya unga, kwa kuipunguzia damu uwezo wa kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa.

Kundi la tatu ni floraidi. Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, pamoja na maeneo mengine yanayopitiwa na Bonde la Ufa, floraidi hutoka katika miamba, hasa ya volkano, na kuyeyukia katika maji ya ardhini. Ukomo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilitumia kwa miaka mingi ukomo wa miligramu 4 kutokana na ugumu wa kupata vyanzo mbadala, kabla ya kuushusha hadi 1.5.

Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi umri wa takribani miaka 8, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na kikaendelea kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika: viungo hukakamaa na miguu ya baadhi ya watoto hupinda. Madhara hayo hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Kinga ndiyo njia pekee.

Namna ya kupima

Maabara za ubora wa maji zilizo chini ya Wizara ya Maji katika mikoa mbalimbali hupokea sampuli za wananchi kwa malipo. Kwa kisima cha nyumbani, omba vipimo vya msingi: vimelea vya kinyesi, ukungu wa maji, chumvichumvi kwa jumla, chuma, naitreti na floraidi. Wanaoishi karibu na maeneo ya uchimbaji wa dhahabu waulize pia kuhusu aseniki na metali nyingine nzito.

Sampuli ya vimelea ichukuliwe katika chupa iliyotakaswa inayotolewa na maabara, ihifadhiwe penye ubaridi na ifikishwe siku hiyohiyo. Sampuli ya madini yatosha kuwekwa katika chupa safi ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji ya kisima hicho. Msimu una maana pia: vimelea huongezeka wakati wa masika, maji ya mvua yanapopeleka uchafu kisimani. Kisima kilichopimwa kiangazi pekee hakijapimwa vya kutosha.

Kulinganisha tatizo na chujio

Tatizo likiwa ni tope, anza na kutuamisha. Shabu, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, huyakusanya matope yakashuka chini. Baada ya hapo maji meupe yaliyo juu huchotwa na kuchujwa. Hatua hii haiui vimelea vyote, lakini huzifanya hatua zinazofuata zifanye kazi vizuri, kwa kuwa klorini na mwanga hushindwa nguvu katika maji yenye ukungu.

Tatizo likiwa ni vimelea, chujio la udongo wa mfinyanzi lenye vinyweleo vidogo huzuia bakteria na minyoo. Virusi ni vidogo zaidi na vyaweza kupita, hivyo inafaa kuongeza klorini katika maji yaliyochujwa au kuyachemsha. Chujio hilo lisuguliwe kwa brashi laini bila sabuni. Likipata ufa, hata mdogo, halina kazi tena. Chujio la mchanga, lenye tabaka hai la juu linalokula vimelea, ni imara na halihitaji umeme, ila lahitaji kutumiwa kila siku na kupewa majuma kadhaa kabla halijakomaa. Mashine za mwanga wa urujuanimno nazo huua vimelea, zikipata umeme wa uhakika na maji yasiyo na ukungu.

Tatizo likiwa ni chuma, maji yapigishwe hewa kwanza kwa kuyamimina kutoka juu mithili ya manyunyu, kisha yapite kwenye mchanga. Hewa hukigeuza chuma kilichoyeyuka kuwa chembe za kutu zinazochujika.

Machujio ya mkaa ulioamilishwa, yanayouzwa kwa wingi mijini, ni mazuri kwa harufu, ladha mbaya na baadhi ya kemikali za viwandani na viuatilifu. Hayaondoi chumvi, naitreti wala floraidi kwa kiwango cha kutegemewa. Yakiachwa muda mrefu bila kubadilishwa, bakteria huzaliana ndani yake.

Chumvi ni tatizo linalowasumbua wakazi wa pwani, ikiwamo Dar es Salaam, ambako uvutaji mkubwa wa maji ya ardhini huyaita maji ya bahari kusogea nchi kavu. Chumvi haichujiki kwa mchanga, udongo wala mkaa. Huondolewa na mitambo inayoyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana, ambayo huondoa pia naitreti, floraidi na aseniki. Gharama yake si ya kununua tu: mtambo huhitaji msukumo wa maji na mara nyingi umeme, utando hubadilishwa, na mitambo mingi ya nyumbani humwaga maji mengi kuliko yale inayoyasafisha. Maji hayo yanayomwagwa yafaa kuosha vyombo na choo.

Floraidi yahitaji uangalifu wa pekee

Ushauri wa kuchemsha maji, uliookoa maisha ya wengi, hausaidii chochote dhidi ya floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki. Sufuria ya lita 2 ikichemka mpaka ikabaki lita 1, kiasi cha floraidi katika kila lita huwa kimeongezeka maradufu. Klorini nayo haiigusi.

Njia iliyofanyiwa kazi kwa muda mrefu nchini ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimekuwa kikiutumia katika machujio ya kaya. Mifupa huchomwa kwa joto kali na hewa kidogo, kisha husagwa kuwa punje. Ikichomwa vibaya, maji hunuka. Ikichomwa ipasavyo, huinasa floraidi mpaka punje zitakapojaa, na zikijaa hakuna harufu wala ladha itakayomjulisha mwenye nyumba. Kipimo pekee ndicho kitakachosema.

Mfano mwingine ni chujio lililobuniwa na Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Chujio hilo huunganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na uchafu uliomo katika maji ya mahali husika. Fikra hiyo ndiyo inayomfaa kila mnunuzi: maji hutangulia, chujio hufuata.

Kaya zenye paa la bati zaweza pia kuvuna maji ya mvua, ambayo kwa kawaida yana floraidi kidogo sana, na kuyatenga kwa ajili ya kunywa na kupikia pekee. Aidha, magadi yanayotumika kulainishia maharage na makande katika mikoa hiyo yana floraidi, hivyo kuyaacha ni sehemu ya kinga.

Kabla ya kulipa

Si lazima kusafisha maji yote ya nyumbani. Familia ya watu 6 huhitaji takribani lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia; ya kufulia na kuogea yaweza kubaki yalivyo. Muulize muuzaji chujio linahudumia lita ngapi kabla ya kubadilishwa. Akikujibu lita 3,000, gawanya kwa 20: ni siku 150, yaani miezi mitano. Ongeza bei ya vipuri vya mwaka mzima juu ya bei ya kifaa, kisha linganisha. Uliza pia kama vipuri hivyo vinapatikana mkoani kwako, na dai cheti cha maabara kinachotaja kitu kilekile kilichoonekana katika kipimo chako.

Baada ya kufunga chujio, peleka sampuli ya maji yaliyochujwa maabara ileile, na urudie angalau mara moja kwa mwaka. Maji hayo yahifadhiwe katika ndoo yenye mfuniko na koki, kwa kuwa kata inayozamishwa hurudisha vimelea vilivyoondolewa.

Mwisho, kisima chenyewe kilindwe. Kijengewe ukuta na mfuniko, kizungukwe na sakafu inayotiririsha maji mbali, na kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka chooni. Wananchi wa vijijini wanaweza kupata ushauri katika ofisi za Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) wilayani, na wa mijini katika mamlaka za maji. Kisima kilicholindwa na kupimwa hupunguza mzigo wa chujio, na humwezesha mwenye nyumba kununua kile tu anachokihitaji.