Makala za watafiti wa mnyauko zina faida gani kibanjani?

MKULIMA wa Mabira, wilayani Kyerwa, huhesabu mikungu. Mtafiti huhesabu makala alizochapisha na mara ambazo watafiti wenzake wamezirejea katika kazi zao. Hesabu hizi mbili zinakutana kwenye mgomba uliopatwa na mnyauko wa bakteria, ugonjwa ambao wengi mkoani Kagera wanauita unyanjano.

Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Ethiopia, katika inseti, mmea wa jamii ya mgomba. Uganda iliupata mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa Kagera. Wakati huo Mabira ilikuwa bado wilaya ya Karagwe, kabla Kyerwa haijamegwa mwaka 2012. Mgomba ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya, na familia hupoteza chakula na fedha kwa pamoja.

Kumjua adui

Miongoni mwa waliomchunguza bakteria huyo ni David Studholme wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza. Fani yake ni bayoinfomatiki, yaani kutumia kompyuta kusoma na kulinganisha taarifa za urithi za viumbe. Mwaka 2010 yeye na wenzake, akiwemo Valente Aritua wa Uganda, walichapisha usomaji wa jenomu ya bakteria wa mnyauko. Jenomu ni jumla ya taarifa zote za urithi zilizomo ndani ya kiumbe.

Mwaka 2012 ikafuata makala iliyoongozwa na Mganda mwingine, Arthur Wasukira. Hiyo ilionyesha kwamba bakteria waliokusanywa Afrika Mashariki wamegawanyika katika koo mbili kubwa. Waandishi wakasema huenda ugonjwa uliingia katika eneo hili zaidi ya mara moja, pengine kutoka Ethiopia. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa na Valentine Nakato likaeleza tofauti nyingine ndani ya Ethiopia kwenyewe, ambazo hazikuwa zimejulikana.

Kila makala ilisimama juu ya iliyotangulia na kuitaja. Kutajwa huko ndiko kunakohesabiwa.

Hesabu inavyofanywa

Kipimo kinachotumika sana kinaitwa h, kilichobuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch. Mtafiti mwenye makala 10, ambazo kila moja imerejewa angalau mara 10, ana h ya 10. Makala moja ikirejewa mara 1,000 na nyingine zote zisirejewe hata mara moja, h yake ni 1 tu. Ni sawa na muuza duka: hapimwi kwa mteja mmoja aliyenunua gunia zima, bali kwa wateja wengi wanaorudi.

Kipimo hicho kina kasoro. Wanaochunguza saratani ni wengi duniani, hivyo makala zao hurejewa sana. Wanaochunguza mnyauko wa migomba ni wachache. Namba ndogo haina maana kwamba kazi ni ndogo. Pia mtafiti anayerejewa ni yule anayesomwa na watafiti wenzake, na bwana shamba anayetumia matokeo hayo kijijini haongezi hata rejeo moja.

Hata jina huvuruga hesabu. Mwaka 2008 Aritua na wenzake walipendekeza bakteria huyu ahamishiwe spishi nyingine, na mwaka 2020 Studholme na wenzake wakalirasimisha jina jipya, Xanthomonas vasicola pv. musacearum. Anayetafuta kwa jina moja tu hukosa sehemu ya maandishi.

Yaliyofika shambani

Kwa mkulima wa Kyerwa, wilaya inayopakana na Uganda na Rwanda, hoja ya koo mbili ina uzito wake. Kama ugonjwa uliweza kuingia zaidi ya mara moja, basi kusafisha kibanja leo hakutoshi iwapo kesho yataletwa machipukizi ambayo asili yake haijulikani.

Utafiti mwingine wa shambani ulibadilisha ushauri wenyewe. Awali mkulima aliambiwa ang'oe shina zima la migomba, kazi nzito iliyowakatisha wengi tamaa. Kundi la Guy Blomme lilionyesha kwamba bakteria hafiki katika migomba yote ya shina moja. Ndipo ukaja ushauri wa kukata usawa wa ardhi ule mgomba wenye dalili tu, mapema, na kurudia ukaguzi mara kwa mara.

Mengine ni haya:

- Vunja ua dume kwa mti wenye panda, bila kutumia panga, mara chane ya mwisho inapotokea, kwa kuwa wadudu hubeba bakteria kutoka hapo.
- Pitisha panga kwenye moto au lioshe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine.
- Ukiona majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kahawia, au utomvu wa njano ukitoka penye mkato, mwite bwana shamba.

Mkoani Kagera kipo kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, kinachoshughulikia migomba. Mtaalamu anapofika Mabira akiwa na orodha ndefu ya makala, swali la kumuuliza ni moja: ni ipi kati ya hizo inayonionyesha la kufanya kibanjani msimu huu?