Mapenzi ya Mungu si ngao ya wazembe

Hakuna kauli isikikayo matangani mara nyingi kuliko hii: "Ni mapenzi ya Mungu." Mimi nami ni Mkristo, na sina ugomvi nayo. Aliyefiwa huipata humo faraja ambayo elimu yangu ya isimu haiwezi kumpa. Linalonikera ni kuisikia kinywani mwa mtu aliyepaswa kujibu swali.

Natuanze na neno lenyewe. Mapenzi latokana na kitenzi penda, kama vile mlinzi atokanavyo na linda. Kiswahili kilikuwa na amri, kudura na kadari, maneno yaliyozoeleka katika vichochoro vya Mji wa Kale kabla Biblia haijatafsiriwa kwa lugha yetu. Hata hivyo, Wakristo waliposali walishika mapenzi. Basi ajitiaye mikononi mwa Mungu kwa Kiswahili hasalimu amri kama askari aliyeshindwa. Hukabidhi nafsi yake kwa Mwenye kumpenda. Aliyesalimu amri huweka silaha chini akaketi. Aliyeyaitikia mapenzi huinuka akatenda yampasayo.

Mfano tunao papa hapa Mombasa. Ng'ambo ya Bandari ya Kale, upande wa Nyali, limo kaburi la Rosine, mkewe Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani aliyekuja kuishi Mombasa mwaka 1844. Homa ilimchukua Rosine mwezi Julai mwaka huo huo, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Lau angelipanda jahazi akarejea kwao, nani angelimlaumu? Aliupokea msiba, kisha akairudia tafsiri ya Kitabu cha Mwanzo aliyokuwa ameianza mwezi Juni. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walifungua kituo Rabai. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa. Na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Huko ndiko kujisalimisha: machozi hayakukatazwa, na kazi haikuachwa.

Sasa na tuvuke hadi upande wa pili wa kisiwa. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimesheheni abiria kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 250 wakafa maji. Mjane aliyesema siku ile kwamba Mungu ametwaa alichokuwa ametoa, alisema neno la imani, nasi hatuna budi kuliheshimu. Lakini neno lilo hilo, likitamkwa na mwenye dhamana ya usalama wa abiria, hugeuka kuwa ngao ya uzembe. Kuhesabu abiria gatini hakukuwa kazi ya Mungu. Ilikuwa kazi ya binadamu.

Wahenga walinena kwamba jitihada haiondoi kudura. Aghalabu twaitumia methali hii kama mto wa kulalia. Lakini yatazame maneno yake, msomaji: jitihada imetajwa kwanza. Asiyejitahidi hajui bado kudura imemwandikia nini, kwa maana hajafika mahali pa kuipokea.

Hata Kristo pale Gethsemane hakukimbilia kukubali. Aliomba kikombe kimwepuke, tena akaomba mara tatu. Baada ya kuyakubali mapenzi ya Baba, aliinuka akawaamsha wanafunzi waliokuwa wamelala. Waliolala usiku ule hawakuwa wamejisalimisha kwa Mungu. Walikuwa wamelemewa na usingizi tu.

Kwa hiyo, tuwaachie wafiwa kauli yao, wala tusiwasumbue kwa falsafa. Wenye dhamana nao, kabla hawajamtaja Mwenyezi Mungu, watuambie kwanza wao wenyewe walitenda nini.