Bwana Msa ni nani, na kwa nini hakukubali kwamba mzimu umeua?

Bwana Ali, mwenye mashamba na mali, anakutwa ameuawa kwenye mzimu. Habari inaenea, na wengi wanaopokea habari hiyo tayari wana jibu: wazee wa kale wamekasirika. Mtu mmoja tu hakubaliani nao. Anakaa na kiko chake, anasikiliza, kisha anaanza kuuliza maswali.

Mtu huyo ni Bwana Msa, na kisa hiki kimo katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar. Ndiyo riwaya ya kwanza katika mfululizo wa visa vya Bwana Msa, na wataalamu wengi wa fasihi wanaihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili.

Mwandishi alikuwa nani?

Mohammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti. Tangu mwaka 1958 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la wakulima, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi. Kwa hiyo mtu aliyetuletea mpelelezi wa kwanza maarufu wa Kiswahili ndiye yule yule aliyekuwa akiwahudumia wasomaji wa mashambani.

Hadithi yake ilishinda tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58, na ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Abdulla alifariki mwaka 1991.

Mzimu hapa maana yake nini?

Wasomaji wa bara wanaweza kuchanganyikiwa kidogo. Sehemu nyingi za bara, mzimu ni roho ya mtu aliyekufa. Kwa watu wa Unguja na Pemba, mzimu ni mahali pia: huenda ni pango, mti mkubwa au magofu ya zamani, ambako watu hupeleka ubani na sadaka, wakaomba mvua, mtoto au afya. Mahali kama hapo huogopwa na kuheshimiwa. Mtu akifia hapo, ni rahisi watu wote kuacha kuuliza nani kaua.

Muuaji naye anajua hivyo. Hofu ya watu inaweza kumfichia alichofanya kuliko kichaka chochote.

Bwana Msa anafanyaje kazi?

Yeye si askari. Polisi wapo, akiwemo Inspekta Seif, na Bwana Msa ana rafiki yake Najum anayefuatana naye. Wasomaji wengi humlinganisha na Sherlock Holmes, mpelelezi wa Kiingereza aliyeanza kuonekana vitabuni mwaka 1887, ambaye naye alikuwa na kiko na rafiki wa karibu. Mfano huo ni wa kweli, lakini Bwana Msa anaishi duniani kwetu: kuna mirathi, ndoa, mitara, watoto wa nje, na ndugu wasiojuana.

Katika visa vya Abdulla, fumbo mara nyingi hufunguka mtu anapofuatilia ukoo. Nani ni mtoto wa nani? Nani atarithi? Nani alikosewa zamani, akanyamaza? Bwana Msa hawatukani watu kwa imani zao. Anachokataa ni kuifanya imani iwe ushahidi. Mwisho wa kisa hatuutoboi hapa, ila tuseme tu kwamba panga la mzimu lina mpini, na mpini hushikwa na mkono wa mtu.

Kwa nini kisa hiki bado kinatuhusu?

Kwa sababu swali lake halijazeeka. Mtoto akifa ghafla au ng'ombe wakifa, katika vijiji vingi bado kuna anayenyooshewa kidole. Nchini Tanzania, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho hayo yanaweza kuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Na mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna mgogoro wa shamba.

Tanzania Bara ina Sheria ya Uchawi ya tangu mwaka 1928, ambayo inafanya kumtangaza mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Lakini sheria hufika kijijini ikiwa imechelewa. Anayefika kwanza ni jirani, na jirani anaweza kuuliza kama Bwana Msa: Nani ameona kwa macho yake? Marehemu aliumwa nini, na alipelekwa hospitali? Nani atafaidika huyu bibi akiondoka?

Baada ya riwaya hiyo

Bwana Msa alirudi katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Waandishi wengine nao walifuata njia ya visa vya uhalifu: Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango.

Ukikipata kitabu cha kwanza, kisome kwa sauti jioni, wengine wasikilize. Kila sura ikiisha, waulize waliokaa: mnamshuku nani, na kwa ushahidi gani? Atakayejibu "mzimu" aulizwe tena.