Wakili wa Moshi

Katika skuli nyingi duniani vijana husomeshwa riwaya ya Harper Lee wa Marekani, To Kill a Mockingbird, iliyotolewa mwaka 1960. Kisa chake kiko Alabama katika miaka ya 1930. Tom Robinson, mtu mweusi, anasingiziwa kumbaka mwanamke wa kizungu, na Atticus Finch, wakili mzungu aliyefiwa na mkewe na kuachiwa watoto wawili, anashika utetezi wake ijapokuwa majirani wanamnunia. Ushahidi unadhihirisha kwamba mshitakiwa hana hatia, lakini wazee wa baraza, weupe watupu, wanamtia hatiani. Hatimaye anapigwa risasi akijaribu kutoroka.

Hatuukani uzuri wa kitabu hicho, wala hatushangai kwamba wasomaji humpenda baba yule anayewalea wanawe kwa vitendo. (Katika kitabu kingine cha Lee, kilichotolewa mwaka 2015, baba huyo huyo anaonekana ameketi na wapinzani wa haki za watu weusi, wengi walisikitika.) Hata hivyo, watu waliopata kutawaliwa wakikisoma wanaona upungufu mmoja. Tom Robinson hana usemi katika kadhia yake mwenyewe, ila kujibu anayoulizwa kizimbani. Hata wakili hakumchagua; alipewa na hakimu.

Ndugu zetu wa visiwani, ambao pengine wanaijua Moshi kwa kahawa na mlima tu, wanastahili kuelezwa kwamba mji huo nao ulikuwa na wakili wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwapo hapo Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda. Wameru ndio waliomtafuta, wala hawakupangiwa na mtu.

Dhuluma yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ya kikoloni ilimtuma Jaji Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi, naye akashauri kwamba nchi iliyo baina ya Meru na Kilimanjaro ifanywe ukanda mmoja wa walowezi wa kizungu. Mwezi Novemba 1951 askari waliingia Engare Nanyuki. Wananchi wapatao 3,000 waliondoshwa na nyumba zao zikatiwa moto, ili walowezi wachache wapate malisho ya ng'ombe wao.

Tunawaomba watumishi wa Serikali walitazame vyema jambo hili, kwa sababu kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Tume ilikuwapo, ripoti ilikuwapo, amri ilitiwa saini, ardhi nyingine ilitajwa huko Kingori na fidia ilitengwa. Afisa aliyekuwa na jalada lile mezani angeweza kulala usiku akiamini kuwa ametimiza kazi yake. Kilichokosekana katika jalada ni ridhaa ya wenye ardhi, nao walikataa kuipokea fidia.

Wameru walichangishana fedha. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet, Mmeru, walifika New York mbele ya Baraza la Udhamini. Kirilo hakukaa nyuma ya wakili wake, alisema mwenyewe. Mwezi Desemba azimio la kuwarudishia ardhi yao lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu.

Kwa hesabu ya kura walishindwa, kama Finch alivyoshindwa mahakamani. Lakini TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuta watu wa Kaskazini wamekwisha kujua kwamba Mwingereza anaweza kuulizwa hadharani, na Kirilo akawa miongoni mwa viongozi wake huko. Mwalimu Nyerere alifika mbele ya Baraza lile lile mwaka 1955. Mradi wa ng'ombe wa walowezi haukustawi.

Seaton alifika kuwa jaji, na mwaka 1972 akawa mtu mweusi wa kwanza katika Mahakama Kuu ya Bermuda. Kisa cha Wameru yeye na Kirilo walikwisha kukiandika katika kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967. Jaladani yamo majina yote mawili, na la Kirilo limetangulia.