Mabaraza ya Shule ya Chicago

Mabaraza ya Shule ya Chicago ni vyombo vya wananchi vinavyoshiriki kuongoza shule za umma katika jiji la Chicago, jimbo la Illinois, nchini Marekani. Jina lake rasmi kwa Kiingereza ni Local School Councils, na mara nyingi hufupishwa kuwa LSC. Yalianzishwa kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1988, na wajumbe wa kwanza walichaguliwa Oktoba 1989. Kila baraza ni la shule moja. Wajumbe wake wengi ni wazazi, na kazi yao kubwa kuliko zote ni kumchagua mkuu wa shule.

Shule hizo zimo chini ya wilaya ya shule iitwayo Chicago Public Schools. Nchini Marekani wilaya ya shule ni eneo lenye utawala wake wa elimu, bajeti yake na bodi yake, tofauti na wilaya za kawaida za kiserikali. Wilaya ya Chicago ni mojawapo ya zile kubwa zaidi nchini humo, ikiwa na shule zaidi ya 600 na wanafunzi zaidi ya 300,000. Karibu nusu ya wanafunzi wanatoka katika familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini, na zaidi ya theluthi moja ni Wamarekani Weusi.

Chanzo

Mvutano kati ya wazazi na uongozi wa elimu wa Chicago ulianza zamani. Katika miaka ya 1950 na 1960 shule za mitaa ya watu weusi zilijaa kupita kiasi, huku baadhi ya shule za mitaa ya wazungu zikiwa na nafasi. Msimamizi wa elimu wa wakati huo, Benjamin Willis, badala ya kuwahamishia watoto kwenye nafasi hizo aliweka madarasa ya mabehewa katika viwanja vya shule zilizojaa. Wazazi waliyaita mabehewa hayo kwa dhihaka "Willis Wagons". Tarehe 22 Oktoba 1963 wanafunzi zaidi ya 200,000 hawakwenda shule, kama njia ya kupinga ubaguzi huo.

Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliitisha mkutano mkuu wa elimu mwaka 1986. Mwaka uliofuata walimu waligoma, na wanafunzi wakakosa masomo kwa siku 19. Wazazi wengi waliona kwamba watoto wao wanaumia wakati wakubwa wanabishana. Mnamo Novemba 1987 Waziri wa Elimu wa Marekani, William Bennett, alisema hadharani kwamba shule za Chicago ndizo mbaya kuliko zote nchini. Mwezi huohuo Washington alifariki ghafla akiwa madarakani, lakini vikundi vya wazazi, vyama vya mitaa na baadhi ya wafanyabiashara waliendelea kudai mabadiliko mpaka Bunge la Illinois likapitisha sheria ya 1988.

Wazo la msingi la sheria hiyo lilikuwa kwamba ofisi kuu ya jiji iko mbali mno na darasa. Kwa hiyo sehemu ya madaraka iliondolewa kwake na kupelekwa shuleni. Sheria pia iliondoa ajira ya kudumu ya wakuu wa shule. Tangu hapo kila mkuu anafanya kazi kwa mkataba wa miaka minne.

Katika uchaguzi wa kwanza watu zaidi ya 17,000 waligombea viti zaidi ya 5,000, na takriban wapiga kura 300,000 walijitokeza.

Muundo

Kwa kawaida baraza lina wajumbe wafuatao:

- wazazi 6
- wakazi 2 wa eneo la shule
- walimu 2
- mfanyakazi 1 asiye mwalimu
- mkuu wa shule

Shule za sekondari zina pia wawakilishi wa wanafunzi. Mwenyekiti huwa ni mzazi. Wajumbe hawalipwi mshahara, nao hukaa madarakani kwa miaka miwili, isipokuwa wanafunzi ambao hukaa mwaka mmoja.

Uchaguzi hufanyika shuleni penyewe. Mara nyingi umepangwa mwezi Aprili, siku ambayo wazazi huja kuchukua ripoti za maendeleo ya watoto, ili mtu aweze kuzungumza na mwalimu wa mtoto wake na kupiga kura kwa safari moja. Mzazi hahitaji kuwa raia wa Marekani ili apige kura au agombee. Kwa hiyo wahamiaji wasioruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa meya wanaweza kushiriki kumchagua mkuu wa shule ya watoto wao. Jambo hili lina uzito katika jiji lenye familia nyingi za wahamiaji, hasa kutoka Mexico.

Utaratibu wa kura ulirekebishwa mapema. Mwanzoni wazazi walipiga kura kwa viti vya wazazi tu, na wakazi kwa viti vya wakazi tu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Illinois iliamua kwamba utaratibu huo unazipa kura uzito usio sawa, hivyo unavunja katiba. Bunge la jimbo likabadilisha sheria ili mzazi na mkazi wapigie kura wagombea wa makundi yote mawili, na mabaraza yakaendelea.

Kazi

Baraza lina kazi tatu kubwa. Ya kwanza ni kumchagua mkuu wa shule, kumtathmini kila mwaka, na mwisho wa miaka minne kuamua kama mkataba wake utaongezwa. Mkuu mwenyewe hapigi kura juu ya mkataba wake. Ya pili ni kupitisha mpango wa maendeleo wa shule. Ya tatu ni kupitisha matumizi ya fedha ambazo shule inaruhusiwa kujipangia.

Baraza halina mamlaka ya kuajiri au kumfukuza mwalimu, kupanga mishahara, wala kuamua shule ifungwe au ibaki. Mikutano yake ni ya wazi, na mtu yeyote anaweza kuhudhuria. Wajumbe wapya wanatakiwa kupata mafunzo, kwa sababu kusoma bajeti na kupima kazi ya mkuu wa shule ni mambo yanayohitaji ujuzi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuyalinganisha na kamati au bodi za shule za kwao. Tofauti kubwa iko katika uteuzi wa mkuu: Tanzania na Kenya wakuu wa shule za umma hupangwa na mamlaka za serikali, wakati Chicago uamuzi huo uko mikononi mwa wajumbe waliochaguliwa na wazazi, wakazi na wafanyakazi wa shule.

Meya kupewa madaraka

Mwaka 1995 Bunge la Illinois lilibadilisha tena uongozi. Meya Richard M. Daley alipewa mamlaka ya kuteua bodi yote ya elimu na mtendaji mkuu wa wilaya. Mabaraza hayakufutwa, lakini shule zilizowekwa chini ya uangalizi kwa sababu ya matokeo mabaya zilipoteza sehemu ya madaraka yao, maana ofisi kuu iliweza kumwondoa mkuu wa shule.

Kuanzia mwaka 2004 jiji lilianza mpango wa kufunga shule zenye matokeo duni na kufungua mpya. Nyingi kati ya mpya zilikuwa shule za mkataba, yaani shule zinazopata fedha za umma lakini zinaendeshwa na taasisi binafsi. Shule hizo hazina wajibu wa kuwa na baraza la kuchaguliwa. Kwa hiyo kadiri zilivyoongezeka, idadi ya wazazi wenye sauti ya kisheria shuleni ilipungua.

Kufungwa kwa shule mwaka 2013

Tarehe 22 Mei 2013 bodi iliyoteuliwa na Meya Rahm Emanuel ilipiga kura ya kufunga shule zipatazo 50 kwa mara moja, karibu zote za msingi. Uongozi ulieleza kwamba idadi ya wanafunzi imepungua, majengo yako nusu tupu na wilaya haina fedha. Wazazi walijibu kwamba shule ni moyo wa mtaa, na kwamba watoto watalazimika kuvuka mipaka ya magenge ya vijana kwenda shule mpya. Zaidi ya wanafunzi 11,000 walihamishwa, wengi wao wakiwa Wamarekani Weusi wa mitaa ya kusini na magharibi mwa jiji. Mabaraza ya shule zilizofungwa yalikufa pamoja na shule zake.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba alama za wanafunzi waliohamishwa zilishuka hasa katika mwaka wa tangazo lenyewe, kabla hawajahama, na kwamba wengi walieleza huzuni ya kupoteza walimu na marafiki.

Migomo ya njaa

Mara mbili wakazi wa Chicago waligoma kula kwa ajili ya shule. Mwezi Mei 2001 kikundi cha wakazi wa mtaa wa Little Village, wakiwemo akina mama na bibi wa wanafunzi, walikaa siku 19 bila kula wakidai shule ya sekondari waliyokuwa wameahidiwa. Shule ilijengwa na kufunguliwa mwaka 2005.

Mwaka 2015 watu 12 waligoma kwa siku 34 ili kuokoa shule ya sekondari ya Dyett katika upande wa kusini wa jiji. Shule hiyo ina jina la Walter Dyett, mwalimu wa muziki aliyemfundisha Nat King Cole. Ilifunguliwa tena mwaka 2016 kama shule ya sanaa, ingawa si kwa mpango kamili uliopendekezwa na wagomaji. Mmoja wa viongozi wa mgomo huo, Jitu Brown, alichaguliwa kuwa mjumbe wa bodi ya elimu ya jiji mwaka 2024.

Suala la polisi shuleni

Mwaka 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd katika jiji la Minneapolis, ulizuka mjadala kama polisi waendelee kukaa ndani ya shule za sekondari. Bodi ya elimu iliacha kila baraza liamue. Mabaraza 55 yalichagua kubaki na polisi, na 17 yalichagua kuwaondoa. Mwaka 2024 bodi iliamua kuwaondoa katika shule zote. Baadhi ya wazazi waliupokea uamuzi huo kwa furaha, na wengine walilalamika kwamba mabaraza yamenyang'anywa haki ya kuamua.

Bodi ya kuchaguliwa

Mwaka 2021 Gavana J. B. Pritzker alitia sahihi sheria ya kuiweka bodi ya elimu mikononi mwa wapiga kura. Novemba 2024 wakazi walichagua wajumbe 10, na meya akateua 11. Sheria inataka wajumbe wote 21 wawe wa kuchaguliwa kuanzia mwaka 2027. Ni mara ya kwanza kwa Chicago kuchagua bodi yake ya elimu kwa kura za wananchi.

Tathmini

Wataalamu hawakubaliani juu ya mafanikio ya mabaraza. Upungufu wake unajulikana: idadi ya wagombea imepungua sana tangu 1989, viti vingine hubaki wazi, na katika shule nyingi uchaguzi hauna ushindani. Mitaa maskini, ambako wazazi hufanya kazi kwa zamu au hubadilisha makazi mara kwa mara, ndiyo inayopata shida zaidi ya kupata wajumbe.

Kwa upande mwingine, Anthony Bryk na Barbara Schneider, waliochunguza shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 2002 kwamba kuaminiana kati ya wazazi, walimu na mkuu wa shule kunaendana na maendeleo ya wanafunzi. Pale ambapo pande hizo hazikuaminiana, shule ilikuwa na nafasi ndogo ya kuboreka. Baraza haliwezi kuleta uaminifu huo kwa nguvu ya sheria, lakini linawapa wazazi na walimu mahali pa kukutana, na mkuu wa shule anajua kwamba kila baada ya miaka minne atajibu mbele yao.